Mbuzi ya Bi Zuweina

Uwanja wa ndege wa Maskati askari aliniuliza jina.
Mgeni, nikamwambia. Akatazama pasi, akanitazama mimi,
akagonga muhuri. Kwake lilikuwa jina tu.
Nilicheka peke yangu mpaka kwenye mizigo.

Nilikuja kujitolea. Mvua kubwa ilikwishapita,
wadi ilikwishashuka na kila ilichokikuta,
na Suwaiq nzima ilibaki na mstari wa tope ukutani,
umenyooka kama wa rula, usawa wa kifua changu.

Siku ya kwanza sikupewa koleo. Nilipewa kalamu
nihesabu mablanketi: mia mbili na kumi na moja.
Jioni Haitham, mkuu wetu, akahesabu mwenyewe:
mia mbili na tisa.
Tukaanza upya. Usiku ukaishia humo.

Siku ya pili koleo. Ya tatu malengelenge.
Ya nne tumbo, wala sisemi zaidi,
ila Mungu ambariki yule Mmalabari wa duka la chai
aliyeninyooshea ufunguo wa choo bila kuniuliza neno.

Saa ya huku imeitangulia ya Tanga kwa saa moja,
basi kila nikimpigia mama
huwa nimeshachoka uchovu ambao yeye hajaufikia.

Ipo picha yetu: fulana za njano, ndoo mikononi.
Pembeni kuna bega, nusu limekatwa.
Ni la Shafiqul, Mbangali, kibarua wa kutwa.
Alianza kabla hatujafika,
akabaki akizoa baada ya basi letu kuondoka.
Sikujua niiweke wapi picha ile. Hata leo.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya Bi Zuweina.
Vyombo vyote uani, tope limevivisha sare.
Haitham akaokota kibao chenye miguu na ulimi wa chuma,
akasema kwa Kiarabu, kiti hiki kimevunjika,
akakirusha kwenye lundo.

"Hiyo mbuzi!" nikapiga ukelele.
Wenzangu wakageuka kumtafuta mnyama.
Bibi mlangoni hakugeuka. Alisimama,
kisha akasema, kwa Kiswahili cha Wete
kilichofungiwa sandukuni miaka sitini:
"Nani huyo aijuae mbuzi?"
"Mgeni."
"Mgeni naona. Jina lako?"
"Ndilo jina, bibi. Mgeni."
Akacheka hata akaushika mwimo wa mlango.
Tope lote lile, na yeye anacheka.

Kutwa ile sikubeba ndoo tena. Haitham alinuna,
na haki alikuwa nayo: nyumba tisa zilikuwa zinangoja.
Mimi nimekaa ngazini na kipande cha msasa
nasugua meno ya mbuzi, kutu inamwagika kama pilipili ya unga,
naye ananitajia waliokufa, waliobaki Pemba,
walioandika barua, walioacha kuandika.
Fomu yetu ya jioni haikuwa na nafasi ya hayo.
Niliandika: nyumba moja, haijakamilika.

Magharibi mjukuu akaleta nazi ya dukani,
baisa mia tano, kavu, imetoka Kerala,
imesafiri kunishinda.
Nikaikalia mbuzi. Meno bado butu.
Nazi ikatoka mapande mapande, mengine yana wekundu.
Bi Zuweina akalionja tui kwa kidole, akakunja uso,
"Lina chuma," akasema,
akalimimina kwenye wali hivyo hivyo.

Usiku mama akapiga, sauti inakatikakatika.
"Haya, mwanangu. Umewasaidia nini watoto wa watu?"
Nikatazama mikono: malengelenge mawili yamepasuka,
kucha zina weupe.
"Nimekuna nazi."
Akanyamaza. Mtandao, labda.
"Ngapi?"
"Moja."